Picha za vekta na bitimapu: Kwa nini nembo inayong'aa kwenye simu huharibika kwenye bango

NEMBO inaweza kuonekana safi kabisa kwenye kioo cha simu, yenye kingo kali na rangi iliyokolea, kisha ikafika kwenye bango la mita tatu ikiwa na ngazi ngazi kando ya kila mstari na ukungu kuzunguka kila herufi. Hasara hubaki kwa aliyelipa. Bango lililokwisha kupigwa chapa halirudi tena kwenye mashine, na kadi 500 za mwaliko zilizotoka na jina la bwana harusi lililofifia hazina mnunuzi mwingine.

Mara nyingi lawama humwangukia mwenye mashine. Hata hivyo, katika visa vingi mashine huwa imetenda ilivyoagizwa. Kasoro ilikuwamo ndani ya faili kabla halijafika dukani, na chanzo chake ni tofauti ambayo wateja wengi hawajaelezwa: tofauti kati ya picha ya vekta na picha ya bitimapu.

Bitimapu ni picha iliyojengwa kwa vijimraba vidogo sana vinavyoitwa pikseli, vilivyopangwa kwa safu kama vigae vya sakafuni, kila kimoja kikiwa na rangi moja tu. Vekta haina vigae. Ni maelezo ya kihisabati ya maumbo: wapi mstari unaanzia, wapi unapinda, wapi unaishia, na eneo lililozungukwa na mstari huo lijazwe rangi gani.

Mfano wa bendera

Bendera ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1964, inaeleza jambo hili vizuri kuliko mifano mingi, kwa kuwa mistari yake mikuu imekatiza kwa mshazari.

Faili la vekta la bendera hiyo halina haja ya kuhifadhi nukta hata moja ya rangi. Linahitaji maelezo machache: mstatili wenye uwiano wa mbili kwa tatu, pembetatu ya kijani upande wa juu karibu na mlingoti, pembetatu ya buluu upande wa chini mbali na mlingoti, mkanda mweusi unaopanda kutoka kona ya chini ya mlingoti hadi kona ya juu ya upande wa pili, na mikanda miwili myembamba ya njano kandokando ya huo mweusi. Maelezo hayo yote huenea katika faili lisilofika hata kilobaiti moja. Ukubwa wa mwisho hauyahusu. Bendera ichapwe kwenye kalamu au ifunike ukuta wa uwanja wa mpira, kompyuta hupiga hesabu upya na kuchora kingo upya, nazo hubaki kali vilevile.

Bendera hiyo hiyo ikihifadhiwa kama bitimapu yenye pikseli 600 kwa upana na 400 kwa kimo, ina vigae 240,000, basi. Kwenye simu inapendeza. Ikivutwa hadi upana wa mita tatu, kila kigae kinakuwa na upana wa milimita tano, na mpaka wa njano na kijani, ambao ulipaswa kuwa mshazari ulionyooka, unageuka ngazi za kupandia. Programu nyingi hujaribu kuficha ngazi hizo kwa kuchanganya rangi za vigae vilivyo jirani, na hapo ndipo ukungu unapozaliwa. Hakuna maelezo mapya yaliyoongezeka. Kompyuta imekisia tu.

Mtu anaweza kudhani kuwa dawa ni kuandaa bitimapu kubwa tangu mwanzo. Inawezekana, ila kwa gharama. Bendera ya mita tatu kwa mbili, kwa kiwango cha nukta 300 kwa kila inchi, ingehitaji pikseli zaidi ya milioni 837, na bila kubanwa ingechukua takriban gigabaiti mbili na nusu. Yote hayo kwa ajili ya rangi nne na mistari michache iliyonyooka!

Lakini picha ya uso haichorwi kwa mistari

Itakuwa makosa kuhitimisha kwamba vekta ni bora na bitimapu ni duni. Picha ya kamera ya mzee aliyeketi barazani, au ya jahazi wakati jua linazama, haina mistari wala maeneo bapa ya rangi. Ngozi hubadilika rangi kila sehemu ya milimita, na maji hayarudii rangi mara mbili. Kuieleza picha ya namna hiyo kwa maumbo ya kihisabati kungehitaji maumbo mengi mno, na matokeo yake yangefanana na mchoro wa katuni. Kwa picha za kamera, bitimapu ndiyo njia yenyewe.

Historia yake ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1957 mhandisi Russell Kirsch na wenzake katika taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani waliingiza picha kwenye kompyuta kwa kutumia skana waliyoitengeneza wenyewe. Picha hiyo ilikuwa ya mtoto wake mchanga, Walden, nayo ilikuwa na pikseli 176 kwa kila upande. Kirsch, aliyefariki mwaka 2020, alikuja kusema wazi katika uzee wake kwamba kuzifanya pikseli kuwa miraba halikuwa chaguo zuri.

Mikunjo ya vekta nayo ilitoka mahali pasipotarajiwa: viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën, kuanzia mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault katika miaka ya 1960, kila mmoja kwa njia yake, walitafuta namna ya kuieleza mikunjo ya bodi ya gari kwa namba ili mashine iweze kuifuata. Jina la Bézier ndilo lililobaki kwenye mikunjo hiyo. Herufi zinazosomwa leo kwenye kompyuta na simu, kwa sehemu kubwa sana, zimechorwa kwa mikunjo ya jamii hiyo.

Jinsi ya kuhesabu kabla ya kulipa

Kwa bitimapu, swali la msingi si "picha ina megabaiti ngapi?" bali "ina pikseli ngapi, na itachapwa kwa ukubwa gani?". Kwa kazi inayoshikwa mkononi, kama vile kitabu, kadi, kipeperushi au jarida, wachapaji huomba pikseli 300 kwa kila inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54. Gawanya pikseli za upana kwa 300, jibu ni upana kwa inchi.

Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani megapikseli 12, inatoa takriban sentimita 34 kwa 25, ukubwa unaozidi karatasi ya A4. Picha iliyochukuliwa kwenye tovuti yenye upana wa pikseli 640 inatoa sentimita tano na nusu hivi. Inafaa kwa picha ndogo ya pembeni, wala si kwa jalada la ripoti ya mwaka. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508.

Kiwango cha 300 hakikushuka kutoka mbinguni. Picha kwenye karatasi huchapwa kwa nukta za wino zilizopangwa kwa mistari. Majarida yenye karatasi nyororo hutumia mistari 150 hivi kwa inchi, na desturi ya fani ni kuandaa pikseli mara mbili ya idadi ya mistari. Karatasi ya gazeti hunyonya wino na kuutawanya, hivyo mistari hushuka hadi kati ya 85 na 100, na picha yenye pikseli 200 kwa inchi inatosha kabisa.

Bango la barabarani lina hesabu nyingine, kwa kuwa msomaji wake yuko mbali. Jicho lililo mita kumi kutoka kwenye bango halioni nukta ambazo lingeziona kwenye kitabu. Pikseli 100 kwa inchi hutosha kwa mabango mengi ya kusimama karibu, na kwa yale makubwa yaliyoinuliwa juu ya majengo kiwango huweza kushuka zaidi bila mpita njia kugundua. Mbunifu anayedai picha ya 300 kwa bango la mita kumi anaibebesha kompyuta mzigo wa bure.

Upo udanganyifu mmoja unaojirudia sana. Mteja anaambiwa picha yake ina kiwango cha 72 na inatakiwa 300, naye anafungua programu, anabadilisha namba hiyo na kurudi akiwa na faraja. Namba hiyo ikibadilishwa peke yake, pikseli hubaki zile zile. Kilichobadilika ni lebo. Ikibadilishwa pamoja na kuongeza pikseli, programu hukisia. Hata programu za kisasa za akili bandia, ambazo hukisia kwa ustadi mkubwa, bado hukisia: huweza kuunda kope na nywele zinazosadikika ambazo hazikuwapo usoni mwa mtu, na kwenye maandishi madogo huweza kuzaa herufi zisizosomeka.

Chanzo kingine cha hasara ni njia ya kutumia picha. WhatsApp hupunguza pikseli na kuibana picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida, ili isile bando. Picha hiyo hiyo ikitumwa kama hati, faili hufika jinsi lilivyoondoka. Tofauti hiyo ya kubonyeza mahali pamoja badala ya pengine imeokoa kazi nyingi za uchapaji.

Majina ya mafaili na yanavyopotosha

JPEG, iliyokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, ni bitimapu inayobanwa kwa kutupa maelezo ambayo jicho halitayakosa sana. Huikata picha katika vipande vya pikseli nane kwa nane na kurahisisha kila kipande. Kwa picha za kamera hufanya kazi nzuri. Kwa nembo na maandishi huacha vumbi kandokando ya herufi, na kila faili linapofunguliwa, likahaririwa na kuhifadhiwa upya, kitu kingine hupotea. PNG, ya mwaka 1996, ni bitimapu pia, lakini haitupi kitu na huruhusu mandhari ya nyuma kuwa wazi. Iliundwa kwa ajili ya mtandao, haina mpangilio wa rangi za wino. TIFF ndiyo bitimapu iliyozoeleka zaidi kwa wachapaji, ingawa faili lake huwa zito. GIF ina rangi 256 tu na haifai kuchapwa.

Upande wa vekta, majina yanayokutana na mteja ni AI ya Adobe Illustrator, CDR ya CorelDRAW, EPS na SVG. Hii ya mwisho ilipitishwa na shirika la viwango vya mtandao, W3C, mwaka 2001, na inafunguliwa na programu ya bure ya Inkscape.

PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993 na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, inahitaji tahadhari kwa sababu ni mfuko. Ndani yake mnaweza kuwa na vekta, bitimapu au vyote viwili. Karatasi iliyopitishwa kwenye skana na kuhifadhiwa kama PDF ni bitimapu ndani ya mfuko. Vivyo hivyo, JPEG iliyobandikwa ndani ya CorelDRAW na kuhifadhiwa kama CDR au EPS haijawa vekta, sawa na mchanga uliotiwa kwenye gunia la mchele. Wateja huombwa vekta, hubadilisha mfuko, na hushangaa kukataliwa.

Jaribio lake ni rahisi. Fungua faili, kisha kuza kona moja ya herufi hadi asilimia 1,600 au zaidi. Ukingo ukibaki mkali kama wembe, ni vekta. Vikitokea vijimraba au ukungu, ni bitimapu, jina la faili liwe lolote.

Mashine yenyewe huona nini

Jambo linalowachanganya hata baadhi ya wabunifu ni kwamba mashine karibu zote za uchapaji, mwisho wa yote, huweka nukta kwenye karatasi. Vekta nayo hugeuzwa nukta. Tofauti ni wakati na mahali pa kugeuzwa.

Ufumbuzi huu ulienea kwa kazi ya John Warnock na Charles Geschke, walioanzisha Adobe mwaka 1982 na kutoa lugha ya PostScript mwaka 1984. Mwaka uliofuata lugha hiyo iliwekwa ndani ya printa ya Apple iitwayo LaserWriter, iliyokuwa na nukta 300 kwa inchi. Kompyuta ilipeleka maelezo ya maumbo, na printa ikayageuza nukta kwa uwezo wake wenyewe. Ukurasa ule ule ulipopelekwa kwenye mashine za kiwandani zenye nukta zaidi ya 2,000 kwa inchi, herufi zilitoka kali zaidi bila mtu kugusa faili. Bitimapu haina fadhila hiyo: huja na idadi yake ya pikseli, na mashine bora kuliko zote huchapa kwa uaminifu udhaifu uliomo.

Zipo mashine ambazo hazipokei bitimapu kabisa. Mashine inayokata stika za vioo vya daladala na maandishi ya milango ya maduka ina kisu kidogo kinachofuata mstari. Kisu hakijui rangi, kinajua njia. Kwenye bitimapu hakuna njia, hivyo lazima mtu aichore kwanza. Fulana zinazochapwa kwa fremu za kitambaa nazo huhitaji kila rangi itengwe peke yake, fremu moja kwa kila rangi, kazi ambayo kwa nembo ya vekta yenye rangi tatu huchukua dakika chache na kwa JPEG iliyofifia huweza kumaliza asubuhi nzima.

Kanga ni mfano mzuri wa michoro inayokubali vekta kwa urahisi. Pindo lake hujirudia, mji wake mara nyingi huwa na maumbo makubwa ya rangi bapa, na jina lake ni maandishi. Mchoro wa mafuta wenye vivuli na mchanganyiko wa rangi ungekuwa habari nyingine.

Kuifufua nembo iliyopotea

Taasisi nyingi, hasa shule na vikundi vya kuweka na kukopa, hazina tena faili la awali la nembo zao. Kilichobaki ni picha iliyokatwa kutoka kwenye barua ya zamani. Programu za kufuatisha hugeuza picha ya namna hiyo kuwa vekta kwa kukisia kingo, lakini hufanya vizuri pale tu picha inapokuwa safi na yenye rangi chache. Zikipewa JPEG yenye vumbi, hulichora vumbi nalo, na duara hutoka kama kiazi. Kwa kawaida ni nafuu kumlipa mchoraji aichore upya kwa mkono ndani ya programu, mara moja, kuliko kulipia marekebisho kila inapochapwa.

Nembo inayotengenezwa kwa programu za akili bandia za kuzalisha picha nayo, kwa sehemu kubwa, hutoka kama bitimapu. Mteja huipenda kwenye simu, kisha hugundua kwa fundi wa stika kwamba bado hana nembo ya kuchapa.

Ndiyo maana makubaliano na mbunifu yanapaswa kutaja, kwa maandishi na kabla ya malipo ya mwisho, kwamba mteja atakabidhiwa faili la vekta. Baadhi ya wabunifu hutoa JPEG tu na kubaki na faili la kazi, ama kwa sababu hawakuulizwa, ama kwa sababu wanataka mteja arudi. Madai yao si lazima yawe ya hila, kwa kuwa faili la kazi lina thamani na wengine hulitoza kando. Kinachouma ni kulijua hilo siku fundi wa bango anaposubiri.

Rangi na herufi

Hata vekta safi huweza kuharibika kwa mambo mawili. La kwanza ni rangi. Kioo hutoa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Karatasi hupokea wino wa sayani, majenta, njano na mweusi. Kijani chenye kung'aa na buluu kali ya kwenye simu hazipatikani kwa wino huo, na hutoka zimepooza. Taasisi inayojali rangi yake huitaja kwa namba ya kitabu cha rangi cha Pantone, ambacho mfumo wake ulianza mwaka 1963, au huomba nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa elfu.

La pili ni herufi. Kompyuta ya mchapaji ikikosa aina ya herufi iliyotumika, huweka nyingine bila kuuliza, na mistari huhama. Ama herufi hizo zifungashwe ndani ya PDF, ama zigeuzwe kuwa maumbo kabla ya kutumwa. Zikishageuzwa haziwezi kusahihishwa tena kama maandishi, hivyo nakala ya kuhariri ibaki kwa mwenye kazi, na tahajia isomwe kwanza.

Vibandiko vya malipo vyenye msimbo wa QR huangukia kundi hilo hilo la tahadhari. Msimbo ni miraba myeusi na myeupe ambayo kamera husoma kwa kingo zake. Ukitolewa kama vekta hukubali ukubwa wowote, lakini ukipigwa picha ya kioo, ukatumwa kwa simu na kukuzwa hadi ukubwa wa meza, kingo huyeyuka na simu nyingine hushindwa kuusoma.

Kwa sweta za shule, vekta pekee haitoshi. Mashine ya kudarizi hufuata faili la mishono linaloeleza sindano ishuke wapi na uzi ulale upande gani, na faili hilo huandaliwa na fundi wa kudarizi. Kazi yake huwa nyepesi zaidi akipewa vekta ya kuanzia, na mistari iliyo myembamba kuliko uzi wake ataiondoa.